Simu ya Nyumbani na Lugha Tatu za Mtoto wa Mkiwa

Ukitoka Manyoni kwenda Singida mjini utapita Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka kushoto na kuanza safari ndefu ya Rungwa na Makongolosi, zaidi ya kilomita 400 mpaka upande wa Chunya. Shuka pale, kaa kivulini nusu saa, tega sikio. Mama muuza kuku anapatana bei na jirani yake kwa Kinyaturu. Utingo anaita abiria kwa Kiswahili cha stendi. Waliopandia Manyoni wanaongea Kigogo, na mfugaji aliyeegemea fimbo anazungumza Kisukuma, simu sikioni. Pembeni, mwanafunzi wa sekondari amefungua daftari la Bailojia lililoandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake. Lakini kwa sauti za watu, njia panda hii yenye jina hilo haijawahi kuwa na upweke.

Mtoto anayekulia hapa hubembelezwa kwa Kinyaturu, husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na siku anapovaa sare ya kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Utaratibu huo tunao tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na kila mwaka kuna watoto wenye akili wanaonyamaza darasani kwa sababu yake. Wazazi wao huniuliza swali moja kwa namna nyingi. Mwalimu, nimnunulie simu gani? Nimwekee programu gani ajue Kiingereza? Jibu langu halijabadilika: simu uliyonayo inatosha, hata kama kioo kimepasuka, mradi mtoto aitumie kwa sikio na mdomo kabla ya macho.

Nieleze kwa nini nasema hivyo.

Kiingereza cha shule zetu kimekuwa lugha ya macho. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja kwa maandishi na unajibiwa kwa maandishi. Mtoto anaweza kumaliza muhula mzima bila kutamka sentensi kumi za Kiingereza zilizotoka kichwani mwake. Nakumbuka binti mmoja wa kidato cha kwanza aliyenisimulia maana ya neno "photosynthesis" neno kwa neno kama lilivyo daftarini, bila kukosea. Nikampongeza, kisha nikamuuliza kwa Kiingereza: jana ulipika nini? Akatazama chini. Akashika ncha ya sketi yake, akaikunja, akaikunjua. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Ticha, hilo hatujaandika."

Kauli ile sijaisahau. Hakuwa mvivu, wala hakukosa akili. Kwake Kiingereza kilikuwa kitu kinachoandikwa. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kukisikia kikisema mambo ya jikoni kwao, na hakuna aliyemngoja ajibu. Hapo ndipo simu inapoweza kusaidia, kwa kazi ambayo wengi hawaifikirii: rekoda. Karibu kila simu janja inayo, na vitochi vingi pia vinayo. Haitaki bando wala mtandao, na haimwambii mtoto kwamba muda umekwisha.

Kazi yenyewe ndiyo hii, na naomba uisome polepole, kwa maana ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mwombe mtu anayejua Kiingereza vizuri, awe mwalimu, muuguzi wa zahanati, au kaka aliyerudi likizo kutoka chuoni, akae na simu yako dakika kumi. Mwandikie sentensi kumi za Kiswahili za maisha ya nyumbani. Kwa mfano: Nimechota maji asubuhi. Mama ameenda mnadani. Kuku wetu wametaga mayai saba. Jana nilipika ugali wa mtama. Msomaji aanze na sentensi ya Kiswahili, kisha anyamaze kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, ndipo aitamke kwa Kiingereza mara mbili: mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo wa kawaida. Anyamaze tena, aende kwenye inayofuata. Sentensi kumi hazizidi dakika nne. Lipe faili jina linaloeleweka, mathalani "01 Nyumbani".

Ule ukimya wa katikati ndio unaofundisha. Katika sekunde zile tano ubongo wa mtoto unahangaika kutafuta Kiingereza cha "Mama ameenda mnadani", naye analazimika kufungua mdomo kabla jibu halijaja. Akipatia, sauti ya msomaji inamthibitishia. Akikosea, anasikia papo hapo palipopinda. Kusikiliza tu bila kujibu kunapendeza, na redio ya siku nzima inapendeza pia, lakini mtu anaweza kusikiliza lugha miaka kumi asiiongee. Usizikate zile sekunde tano ili kuokoa muda. Mzazi asiyejua Kiingereza hata kidogo anaweza kusimamia kazi hii, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza kama mtoto anajibu katika ule ukimya au anasubiri kutafuniwa.

Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo kazi hii ni ya nyumbani, kwa simu ya mama au baba, jioni wakati sufuria iko jikoni. Dakika nne leo, dakika nne zilezile kesho. Usimwekee sentensi mpya mpaka za zamani zitoke bila kusita.

Kuhusu kurudia, elimu ya jambo hili ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1885 mwanazuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, lakini tukikirudia kwa vipindi kinakaa muda mrefu zaidi. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa kadi za karatasi zilizopangwa kwenye vyumba vya boksi. Programu za leo za kukariri maneno, kama Anki inayopatikana bure kwenye simu za Android, zinafuata wazo hilohilo. Usipokuwa na nafasi kwenye simu, boksi la viatu linatosha. Kata jalada la daftari la mwaka jana vipande vidogo, upande mmoja andika Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Kadi aliyoipatia isogee chumba cha pili, irudiwe baada ya siku tatu. Akiipatia tena isogee cha tatu, irudiwe baada ya wiki, na kadhalika hadi mwezi. Aliyoikosea irudi chumba cha kwanza, kila siku. Nimeona boksi la namna hii likidumu nyumbani kuliko simu mbili.

Sasa kuna jambo linalowahusu wenye Kinyaturu peke yao, na natamani kila mwalimu wa huku alijue. Kiswahili kina irabu tano. Kinyaturu, au Kirimi kama wenyewe wanavyokiita, kina irabu saba, na juu ya hizo kina kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana. Maana yake ni kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kinyaturu ana sikio lililozoea kutofautisha sauti mbili zinazokaribiana na "i", na nyingine mbili zinazokaribiana na "u", ambazo kwa mtu wa Kiswahili pekee ni kitu kimoja. Kiingereza nacho kinataka hivyohivyo: "sit" si "seat", "full" si "fool". Mwanafunzi wa mjini huhangaika kuzitenganisha. Mtoto wako wa Mkiwa alizaliwa katika lugha iliyokwisha kumwandaa. Nimesikia walimu wakiwaambia wazazi waache kuongea Kinyaturu nyumbani ili mtoto apate Kiingereza. Ushauri huo umewadhuru watoto, nami naupinga kwa moyo wote. Rekodi jozi za maneno kama hayo, msomaji atamke moja bila kusema ni lipi, mtoto akisie. Kwa dakika tano utaona mwenyewe sikio hilo lina nguvu gani.

Nikitoka nyumbani nije kwenye mambo makubwa zaidi, wapo wanaodhani kujifunza kwa chombo cha sauti ni jambo lililoletwa na simu janja. Nchi hii ilifanya hivyo kwa redio kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini kwa vikundi kusikiliza vipindi vya redio kwa wiki 12, wakiwa na vitabu vidogo mkononi, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliokuwa wamepewa mafunzo. Kampeni ilikuwa ya afya, lakini ilikuwa pia na kusudi la kuwapa waliojifunza kusoma karibuni kitu cha kusoma wasije wakasahau. Tazama ilivyopangwa: redio moja, kitabu kimoja, kiongozi mmoja, na watu wanaojadili kipindi kikiisha. Redio haikuachiwa ifundishe peke yake.

Miaka 44 baadaye Tanzania ikawa uwanja wa jaribio jingine. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017, mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, vikiwa na programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na programu hazikuhitaji intaneti. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kusoma shule, na zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School iliyotengenezwa na watu wa Korea Kusini na Marekani, na programu za waliofika fainali ziliachwa wazi zitumike na yeyote.

Nikiyatazama matokeo hayo nafurahi, na nabaki na swali. Nusu waliovuka walivuka bila mwalimu, na hilo ni jambo kubwa. Nusu waliobaki walikuwa na kishikwambi kilekile na jua lilelile. Kwangu mimi nusu hiyo ya pili ndiyo inayohitaji yule kiongozi wa kikundi wa mwaka 1973, mtu wa kuuliza "umefika wapi?" na kukaa karibu mtoto anapokwama. Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Mwalimu uliyepata kimoja, usikiache kabatini. Kijaze vitabu na sauti, ukae na wanafunzi watano saa ya mwisho ya siku.

Vitabu na sauti zenyewe vipo, na vingi ni vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na ni vema kuanzia hapo, kwa kuwa mtoto anasoma kilekile anachofundishwa. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi za watoto zenye picha, na hadithi moja hupatikana kwa lugha kadhaa, Kiswahili na Kiingereza zikiwemo. Pakua hadithi kwa Kiswahili na uipakue kwa Kiingereza. Usiku wa kwanza msomee ya Kiswahili mpaka ajue nani alimfanya nini nani. Usiku wa pili isomeni ya Kiingereza, naye hatakuwa akihangaika na kisa, atahangaika na maneno tu. Kwa usikilizaji, Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza rahisi yanayosomwa polepole, kwa msamiati wa maneno takribani 1,500, na rekodi za namna hiyo zimesambaa mtandaoni. Ni nzuri kwa kidato cha pili na kuendelea. BBC Learning English nayo ina vipindi vifupi vya sauti, ingawa mwendo wake ni wa kasi zaidi.

Kuhusu bando sitasema mengi, kila mtu anajua mfuko wake. Pakua mara moja kwa wiki, mahali penye mtandao mzuri, uhifadhi kwenye memori kadi, kisha wagawie wengine kwa Bluetooth bila gharama. Ukienda Singida mjini kwa shughuli zako, pakulia huko. Mtu mmoja akipakua, kijiji kizima kinaweza kupata kabla jua halijazama. Kama programu inataka namba ya kadi ya benki au inakata salio kila siku, ifute.

Programu maarufu za kujifunza lugha duniani nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wetu. Duolingo, kwa mfano, ilifungua somo la Kiswahili mwaka 2017, lakini kwa ajili ya watu wanaojua Kiingereza tayari. Kijana anayejiamini anaweza kulitumia kinyumenyume: asome swali la Kiswahili, ajibu Kiingereza. Inasaidia kidogo. Haifikii ile rekodi ya dakika nne yenye habari za kuku wa kwenu.

Suala la mashine za kutafsiri nalichukua kwa uzito, maana sasa kila mwanafunzi mwenye kaka mwenye simu janja analeta kazi ya nyumbani iliyoandikwa vizuri kuliko mwalimu. Mashine hizi ni hodari, na sioni aibu kuzitumia. Lakini mjue zinapojikwaa. Chukua sentensi hii: "Mama amechelewa kwa sababu alikuwa anamsubiri daktari, naye alikuja saa tatu asubuhi." Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika "a-" na "naye", kwa hiyo mashine inabuni, na mara nyingi daktari anageuzwa mwanamume hata kama ni dada unayemfahamu. Kisha saa tatu asubuhi inaweza kugeuzwa saa tatu ya Kizungu, yaani saa tisa usiku kwa hesabu yetu. Ukimwandikia mtu hivyo, atakusubiri usingizini. Shikamoo inageuzwa kuwa salamu ya kawaida, heshima yote ikimwagika njiani. Na "pole", neno tunalompa mgonjwa, mfiwa, mchovu na aliyejikwaa barabarani, linageuka neno la kuomba samahani, kana kwamba ni wewe uliyemwangusha.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi wangu sharti moja: andika kwanza, uliza baadaye. Andika aya yako ya Kiingereza kwa mkono, na makosa yake yote. Ndipo uipeleke kwenye mashine uombe ikuonyeshe makosa na sababu zake, kwa Kiswahili kama hujaelewa. Nakili makosa matatu tu kwenye daftari, si yote, na kesho andika aya nyingine ukiyakwepa hayo matatu. Mwanafunzi anayeanza na mashine anapata aya nzuri na kichwa kitupu. Anayeanza na mkono wake anapata aya mbovu wiki ya kwanza, na kufikia mwezi wa pili unaona tofauti kwa macho. Zile mashine zinazojibu kwa sauti nazo zinafaa kwa mazungumzo, hasa kwa mtoto mwenye haya, kwa sababu hazicheki mtu akikosea. Mpe muda wa robo saa, mzazi ukiwa chumba hichohicho.

Haya niliyosema yanawafaa pia watu wazima. Mama anayeuza mafuta ya alizeti anaweza kurekodiwa sentensi ishirini za kuuzia: bei ni kiasi gani, yamekamuliwa lini, chukua lita tano nikupunguzie. Dereva wa lori la Mbeya anaweza kuweka zake kwenye redio ya gari. Kikundi cha wanawake cha VICOBA kina mkutano wa kila wiki, na robo saa ya mwisho inaweza kuwa ya sauti moja ya pamoja kwenye spika ndogo, kila mtu akijibu kwa zamu. Wanaojifunza kwa kikundi hawaachi kirahisi, kwa sababu ukikosa wiki moja utaulizwa.

Na sasa nifike kwenye lugha ya kwanza kati ya zile tatu, ambayo tunaisahau kila tunapotaja teknolojia. Wanyaturu wengi wanaozaliwa Dodoma, Arusha na Dar es Salaam wanarudi Mkiwa likizo hawawezi kumsalimia bibi yao ipasavyo. Google Translate haiwezi kuwasaidia, kwa maana Kinyaturu hakimo humo hata baada ya lugha 110 kuongezwa mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyoorodhesha lugha zaidi ya 150, na maeneo haya ya katikati ya nchi ni ya ajabu hata kwa wataalamu: Kinyaturu na Kigogo ni za Kibantu, Kitaturu ni cha Kiniloti, Kiiraki cha Mbulu ni cha Kikushi, na Kisandawe kinatumia midoko, yaani sauti za kugonga ulimi mdomoni. Utajiri huo unakaa midomoni mwa wazee, na kwa sehemu kubwa haujaandikwa popote.

Kinyaturu kina shida moja kikiandikwa kwa herufi zetu: irabu saba zinabanwa ndani ya herufi tano, na sauti za juu na za chini hazionekani kabisa. Mtu akikuandikia neno kwenye ujumbe wa simu, ukilisoma kama Kiswahili unaweza kulisema visivyo, bibi akacheka au akanuna. Kwa hiyo kwa lugha hii rekodi si nyongeza. Ndiyo kitabu chenyewe. Kijana wa mjini anayetaka kujifunza aombe ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp badala ya maandishi: leo salamu za asubuhi, kesho za jioni, keshokutwa namna ya kumwita mjomba, shangazi, mkwe. Aijibu kila moja kwa sauti yake, asahihishwe, arudie. Kundi la familia lililojaa picha za maua za kutakia asubuhi njema linaweza kufanya kazi hiyo tangu kesho, kama shangazi mmoja ataanza.

Na anayeishi Mkiwa afanye yake. Nenda kwa bibi baada ya mavuno, mtama ukiwa umepurwa na watu wakipumzika. Mweleze kwanza unataka kurekodi nini na nani atasikia, umwombe ruhusa, kwa sababu zipo hadithi za nyumbani tu na zipo za kila mtu, na yeye ndiye anayejua mpaka. Kaa na simu mbali na redio au mashine ya kusaga. Iweke kwenye kitambaa, si juu ya meza ngumu inayogonga, karibu na mdomo wake kiasi cha urefu wa mkono. Mwanzoni kabisa useme wewe mwenyewe tarehe, mahali, na jina la anayezungumza kama ameridhia. Kisha nyamaza. Usimwulize "bibi, jina la hiki ni nini?" kama mkaguzi. Mwombe akueleze jinsi alivyofundishwa kutengeneza togwa, au njia waliyopita kwenda kuchota maji kabla ya bomba. Maneno yatakuja yenyewe, yakiwa mahali pake. Nakala moja ibaki kwenye memori kadi, nyingine mpe mjukuu aliye mbali.

Ukimaliza, usiifunge simu. Mrudishie bibi asikilize alichosema. Atakaa kimya kidogo akijisikia mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza, kisha atakukatiza: hapana, hapo nimeruka, tulikuwa tunapita kwanza kwa akina fulani. Bonyeza tena rekoda, mwache aanze upya.